Liz Lemon si mzembe: maoni ya aliyesimamia kikosi cha televisheni Lamu

Msimamizi wa Langoni:

Asalaam aleikum ndugu zangu. Uzi utakuwa mrefu, nina mengi kifuani.

Kila vinapozungumziwa vichekesho vinavyowachora watu wa televisheni wenyewe, jina la Liz Lemon wa 30 Rock halikosi, na hukumu yake huwa moja: mwanamke asiyejiweza, kila siku mbio, walio chini yake wanamchezea, anakula akiwa amesimama. Watu wanacheka, wanapita. Mimi siwezi kupita. Nimesimamia vikosi vya kupiga picha hapa Lamu miaka kumi na moja, na yule mwanamke namjua kama ninavyoijua njia ya kutoka Mkunguni hadi Langoni.

Kwa wasiokijua kipindi: kilirushwa na NBC ya Marekani kuanzia Oktoba 2006 hadi Januari 2013, misimu 7, sehemu 138. Jina ni la anwani, 30 Rockefeller Plaza, jengo la NBC mjini New York. Ndani yake Liz ni mwandishi mkuu wa kipindi cha vichekesho cha televisheni. Aliyekibuni 30 Rock na kumwigiza Liz ni Tina Fey, ambaye kabla ya hapo alikuwa mwandishi mkuu wa Saturday Night Live, kipindi halisi cha vichekesho cha NBC, mwanamke wa kwanza kushika kazi hiyo, tangu 1999. Kwa hiyo aliandika juu ya meza aliyoikalia mwenyewe, na ndiyo maana kipindi kinauma pale kinapochekesha.

Tazameni sehemu ya kwanza kabisa. Watu wamepanga foleni barabarani kununua mikate ya soseji. Anatokea mwanamume mmoja, anaanzisha foleni yake pembeni, na wengine wanamfuata. Liz anakasirika, anamwaga pesa zake, ananunua soseji zote na kuwagawia waliosimama sawasawa. Wengi wanasema pale ndipo tunapooneshwa ukaidi wake. Mimi naona ndipo tunapooneshwa kazi yake. Kazi ya kusimamia kikosi ni foleni tu: taa kabla ya kamera, kibali kabla ya taa, chakula kabla ya hasira. Yeye ni mtu anayeamini foleni, na analipwa kuishi na watu wasioiamini.

Siku hiyo hiyo anapanda ofisini na kukuta bosi mpya, Jack Donaghy, anayeigizwa na Alec Baldwin. Cheo chake ni cha kusimamia televisheni ya mashariki ya Marekani pamoja na majiko ya maikrowevu. Si uzushi wa bure huo. General Electric, kampuni ya majiko na mitambo, ilikuwa inaimiliki NBC kweli tangu 1986. Na amri ya kwanza ya yule bwana wa majiko ni kumleta Tracy Jordan, nyota asiyetabirika, ndani ya kipindi ambacho Liz amekijenga kwa ajili ya wanawake. Mpaka jina la kipindi linabadilishwa. Hakuulizwa.

Nami niliwahi kupigiwa simu kutoka Nairobi, taa zimeshategwa katika nyumba moja ya Mkomani, tunajiandaa kupiga onyesho la matanga. Mdhamini anauza vinywaji, anataka chupa zake zionekane mbele ya wafiwa. Waigizaji wameshavaa, bibi mmoja ameshaanza kulia machozi ya kweli kwa sababu alikuwa amefiwa mwezi ule. Niliomba dakika kumi, nikatoka nje nikakaa barazani. Nikarudi na jawabu: chupa zitaonekana dukani, katika onyesho linalofuata, mtoto akitumwa kununua mafuta ya taa. Bosi akaridhika, mdhamini akaridhika, mwongozaji akasema nimeiharibu hadithi yake, na yule bibi hakujua kitu. Hiyo ndiyo siku yangu ya kawaida.

Lakini ninalotaka kusema hasa ni hili la Mkanda.

Tulikuwa na siku moja tu ya kupiga picha Siyu, kisiwani Pate. Watu kumi na tisa, masanduku ya vifaa yalishushwa gatini kwa punda tangu alfajiri. Njia ya maji ni kupitia Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara, na Mkanda haupitiki maji yakipwa. Maji yalikuwa yanajaa saa moja asubuhi. Nilipanga tung'oe saa kumi na mbili. Mwigizaji wetu mkuu hakutokea. Alikuwa chumbani Shela, anataka boti yake peke yake, hapandi pamoja na majenereta. Nahodha, mzee wa watu, alisimama akaniambia mara moja tu, "Mwanangu, mai yatoka," yaani maji yanaanza kupwa. Boti ya pili ilipatikana, mwigizaji mwenyewe akaja, tukaondoka saa mbili u nusu. Saa tatu na kitu tuko juu ya mchanga katikati ya mikoko, na hapo tulikaa hadi saa kumi na moja jioni.

Simu ikaita. Bosi. Kwa nini Siyu haijapigwa?

Nikajibu: kosa langu, nilikosea saa za maji.

Sikukosea. Lakini ningemtaja mwigizaji, kesho yake asingefungua mlango. Ningemtaja bosi mwenyewe, aliyeidhinisha siku moja badala ya mbili, ningefukuzwa, na kikosi kikabaki na mtu asiyejua hata Mkanda ni nini. "Kosa langu" ilikuwa chombo cha kazi, kama utepe na nyaya. Liz Lemon anakitumia chombo hicho misimu 7 mizima. Waandishi wake, nyota wake, bosi wake, wote wana nafasi ya kuwa watoto kwa sababu kuna mmoja amenyimwa nafasi hiyo. Anayemwona mzembe anaona lawama zilizomrundikia, anadhani zote ni zake.

Nawasikiliza.

Fundi wa Sauti:

Nilikuwa katika boti ile. Sitajitaja, na wewe usinitaje.

Watu wasiofanya kazi hii hawajui kimya kinavyopatikana Lamu. Hakuna magari, wageni wanadhani basi pamekuwa studio. Azan ni tano kwa siku na misikiti ni mingi, haianzi kwa pamoja wala haimalizi kwa pamoja. Unangoja wa mwisho anyamaze. Akinyamaza, punda analia. Punda akinyamaza, boti inapita na injini. Nikipata dakika nne safi namshukuru Mungu. Dakika nne hizo hazikuja zenyewe: huyu dada msimamizi alikuwa ameshakwenda kwa mwenye cherehani jirani kumwomba apumzike, ameshazungumza na vijana wa gati, na alizijua nyakati za sala kwa siku nzima kabla sisi hatujaamka.

Katika 30 Rock kuna Pete Hornberger, mtayarishaji anayemsaidia Liz. Mimi humtazama huyo. Anajua kila kitu, anaona kila kitu, na mara nyingi ananyamaza. Siku ya Mkanda nilisikia ile simu kwa masikio yangu. Nilijua si kosa lako. Nilikuwa nimekaa juu ya sanduku la maikrofoni, nikaangalia mikoko. Jambo hilo limenikaa moyoni hadi leo, na naomba uniwie radhi.

Kijana wa Malindi:

Dada, nakuheshimu, lakini hapa tutatofautiana.

Kwanza kipindi chenyewe kinamkosoa Liz. Tina Fey hakumchora malaika. Liz anapenda kuonekana ndiye mwadilifu peke yake. Hata zile soseji: mtu mmoja kavunja foleni, yeye kawanyima chakula wote waliomfuata. Alipanga nani mwema nani mbaya, akatoa hukumu barabarani. Huo ni ubwana vilevile, umevaa nguo za haki.

Pili, Tracy na Jenna, yule nyota wa kike wa kipindi cha Liz, ni watoto kwa sababu analea. Kila wakivunja, anaunga. Wangejifunzia wapi? Nimebeba taa katika vikosi vitatu hapa Malindi, na msimamizi anayebeba makosa ya wengine huwaachia wengine hao wamharibie na anayemfuata. Yule mwigizaji wako wa Shela, baada ya kuokolewa na "kosa langu", unadhani kikosi kilichofuata alikifanyia nini? Mimi nadhani nilikuwa katika kikosi hicho. Tulimngoja saa tano juani karibu na nguzo ya Vasco da Gama, watalii wanatupiga picha sisi.

Kusema ukweli kwa bosi ni sehemu ya uongozi. Ukiuficha, bosi ataendelea kutoa siku moja mahali panapohitaji mbili, kwa sababu kwa hesabu yake siku moja ilitosha na wewe ndiye uliyekosea maji.

Msimamizi wa Langoni:

Mdogo wangu, hili la mwisho limenipata. Sikuwahi kulifikiri hivyo, kwamba hesabu ya bosi ilibaki safi kwa sababu ya ulimi wangu. Nalikubali.

La kulea silikubali lote. Wewe umebeba taa, unajua tunavyolipwa: kwa siku. Siku ikifutwa, mwenye taa hana kitu, mwenye punda hana kitu, mama wa chakula ameshapika na hana wa kumlipa. Mwigizaji ana mkataba, bosi ana mshahara. Kwa hiyo nikimgombeza nyota akasusa, adhabu haimfiki yeye. Inawafikia kumi na saba wengine. Nilinyamaza kwa ajili ya hao. Kama kuna njia ya kusema kweli bila kuwakosesha hao mkate, nifundishe, nitakaa chini nisikie.

Na juu ya chakula, wale wanaomcheka Liz kwa kula. Kuna sehemu ya msimu wa pili, ya 2008, wafanyakazi wa malori wanaleta mikate maalumu mara moja kwa mwaka. Waandishi wake wanaula wa kwake. Anahangaika hadi anapata mwingine, na siku hiyo hiyo mwanamume anayempenda anaondoka. Uwanja wa ndege mlinzi hamruhusu kupita na mchuzi wake. Anasimama pale pale, anaula mkate wote hadi tonge la mwisho, ndipo anakimbia kumwahi. Dunia nzima imecheka. Mimi nililia. Mtu anayegawa chakula cha watu kumi na tisa kila siku halafu akose chake, akipata kimoja atakila chote, na amngoje nani?

Bi Mkomani:

Mimi hicho kipindi sijakitazama. Nimeletewa uzi huu na mwanangu, nikamwambia aniandikie.

Nyumba ya matanga ni nyumba yetu. Ile siku mguu wa taa ulianguka ukavunja zidaka viwili, vile vishubaka vya ukutani, zile za chokaa alizozichonga babu wa babu yangu. Mvunjaji alikuwa kijana wa watu, alitetemeka. Kampuni ilikuwa imetia sahihi karatasi kwamba chochote kitakachoharibika itakilipa. Tulipiga simu ile nambari ya karatasini wiki tatu. Mara mwenyewe yuko mkutanoni, mara yuko safarini.

Aliyekuja mlangoni ni huyu. Alivua viatu, akakaa chini na baba yangu, hakusema habari ya kampuni hata kidogo. Akasema, "Ami, nimekuvunjia nyumba." Siku ya pili akaleta fundi wa chokaa, mzee anayejua kazi ya zamani, si wa kupaka saruji. Fundi alikaa siku sita. Sijui nani alimlipa. Baba, Mungu amrehemu, alikuwa akisema yule mtoto ana malezi.

Sasa nimesoma hapa kwamba hili la kubeba kosa ni chombo cha kazi. Mwanangu, kwetu halikuwa chombo. Baba yangu alikuwa amekasirika mpaka anataka kwenda kwa chifu, na hasira ikamtoka kwa sababu mtu alikuja akaketi. Huyo kijana wa Malindi naye asidhani sikumwelewa. Kampuni ile ilipaswa kulipa, na mpaka leo haijui kama zidaka zilivunjika.

Mwalimu wa Faza:

Naomba niongeze la Uingereza, kwa sababu Liz si wa kwanza. Kituo cha Channel 4 kilionesha Drop the Dead Donkey kuanzia 1990 hadi 1998, juu ya chumba cha habari cha kituo cha kubuni kiitwacho GlobeLink. Mhariri wao ni George Dent, mtu mwema, mwoga wa maradhi, ndoa imemshinda, na juu yake kuna meneja Gus Hedges ambaye hazungumzi ila lugha ya vikao. Mmiliki wa kituo anataka habari za kuuza, George anataka habari za kweli, na kila wiki George anashindwa kidogo. Sehemu zake zilirekodiwa karibu sana na siku ya kurushwa ili watie habari za wiki ile ile. Fikirini waliokuwa nyuma ya kamera walivyokimbizwa na saa.

Tofauti ninayoiona: George anashindwa kwa unyonge, Liz anashindwa akipigana. Na 30 Rock ilituzwa kwa hilo. Emmy, tuzo ya televisheni ya Marekani, ya kichekesho bora ilichukua mara tatu mfululizo, 2007, 2008 na 2009, ingawa watazamaji wake hawakuwa wengi kama sifa zake. Kisha hisa nyingi za NBC halisi zikachukuliwa na Comcast mwaka 2011, na ndani ya kipindi nako ikauzwa kwa kampuni ya kubuni, Kabletown. Yaani waandishi walikuwa wakimchora mwajiri wao huku mwajiri akibadilika juu ya vichwa vyao. Huo ni ujasiri.

Sisi Kenya tuna kipaji cha kejeli. Vioja Mahakamani iliichukua mahakama, The XYZ Show tangu 2009 ikawachukua wanasiasa kwa vikaragosi. Ninatamani sana kichekesho cha Kiswahili kinachogeuza kamera nyuma: msimamizi, mdhamini, nyota, punda, maji. Lugha ipo, tena ya Kiamu. Dada, hilo onyesho la chupa kwenye matanga umeshaliandika bila kujua.

Nahodha Mstaafu:

Salaam. Nisahihishe la maji, maana watoto watasoma.

Siku ile maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, yalikuwa yamepita siku ya nne. Maji yalikuwa yakielekea kuwa mafu, kila kujaa hakufiki kulikofika jana. Mkanda wakati kama huo ni wa kuuheshimu. Juu ya hayo, maji husogea kila siku, karibu dakika hamsini mbele. Mungesubiri siku ya pili, yangejaa karibu saa mbili, na yule bwana wa Shela angelala usingizi wake na bado mungepita, kwa tahadhari, na mzigo ukipunguzwa. Mungekwenda siku nne nyuma, yangejaa usiku, mukalala Pate.

Ratiba ilitoka Nairobi na tarehe imeandikwa. Aliyeandika hakuuliza mwezi una siku ngapi. Mimi nilikwambia "mai yatoka", lakini nilipaswa kukwambia usiku wa jana yake, tulipokuwa tukipakia mapipa. Nilisema moyoni, watu wa mjini hawa, wana vyombo vyao vya kupimia. Basi kosa ukiligawa, na mimi tia fungu langu.

Msimamizi wa Langoni:

Ami Nahodha, ahsante. Miaka yote hii nimekuwa nikijiambia lile kosa si langu, na sasa naona kuna kipande changu cha kweli: nilipokea tarehe, sikukuuliza. Nilitazama saa, sikutazama mwezi.

Fundi wa Sauti, radhi umeipata zamani. Uliniletea maji yako ya kunywa siku ile, umesahau?

Kijana wa Malindi, nimefanya jambo leo asubuhi. Nina kazi ya mwezi ujao, ya siku mbili Pate. Ratiba imekuja na siku moja. Nimeandika barua, nimeeleza maji, nimeweka tarehe ninazozitaka, na nimetaja kwa jina kilichotokea mara ya mwisho na aliyechelewa. Mikono ilitetemeka kuituma. Bado hawajajibu.

Mwalimu, nimeanza. Onyesho la kwanza liko gatini, alfajiri, punda kumi na mmoja na masanduku, na mwanamke ana karatasi mkononi anahesabu watu. Anahesabu kumi na wanane. Anahesabu tena.

Bi Mkomani, shikamoo, na Mungu amrehemu Ami. Zile zidaka, chokaa ilishika? Fundi alisema zisioshwe mwaka mzima.

Bi Mkomani:

Marahaba mwanangu. Imeshika. Kimoja kina ufa mdogo chini, nimekiwekea bakuli la kaure mbele. Njoo siku moja ukione, na uje na njaa.